Kompyuta ya Kikundi Si ya Kutupa: Tutahama Vipi kutoka Windows kwenda Linux?



Katika ziara zetu za vikundi, kuanzia Ekerenyo na Ikonge mpaka Kebirigo na kule juu Borabu, kuna swali ambalo sasa tunaulizwa karibu kila mahali. Si la mbegu wala si la bei ya majani chai. Ni hili: "Kompyuta yetu inaandika ya kwamba imezeeka. Tufanye nini?"

Tuliahidi kulijibu kwa urefu katika ukurasa huu. Someni pamoja mkutanoni, na yule anayejua kompyuta kidogo awaeleze wenzake. Sisi wenyewe si mafundi. Tulisomea kazi ya jamii, na haya tumejifunza kwa kuuliza, kwa kujaribu, na mara moja kwa kukosea vibaya. Hilo kosa tutalisema hapa chini ili lisirudiwe.

SWALI LILILETWA MKUTANONI

Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Ekerenyo kina kompyuta ya mezani. Walipewa na kijana wao anayefanya kazi Nairobi, ofisi yake ilipokuwa inabadilisha mashine. Ndani yake wameweka orodha ya wanachama, akiba ya kila mmoja, mikopo, na barua za kikundi. Siku moja maandishi yakatokea kwenye kioo yakisema ya kwamba Windows 10 haitahudumiwa tena. Wakaenda kuuliza sokoni. Mtu mmoja akawaambia hiyo mashine imekufa, wanunue nyingine.

Tulipofika, kikao kilikuwa karibu kupiga kura kutoa pesa kwenye mfuko wa mikopo. Fikirieni hapo. Pesa ambazo zingemlipia mwanachama karo ya mtoto au mbolea ya msimu zilikuwa ziende zikanunue mashine, na mashine ya zamani iende kulala stoo na kuku. Omong'ina mmoja akainua mkono akauliza, "Jana hii kompyuta imetutolea orodha vizuri. Leo imeuawa na nini?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu yetu ya siku hiyo. Tulirudi tukatafuta.

PROGRAMU ENDESHI NI NINI?

Kompyuta ina sehemu mbili. Kuna kile unachoweza kugusa: kioo, kibodi, kipanya, diski kuu iliyo ndani. Halafu kuna programu, yaani maagizo yanayoiambia mashine ifanye nini. Katika hizo programu, kuna moja iliyo juu ya zote. Inaitwa programu endeshi. Hiyo ndiyo inayoamka kwanza ukiwasha mashine, inayozipa programu zingine nafasi ya kufanya kazi, inayotunza faili, na inayozungumza na printa.

Unaweza kuilinganisha na mwenyekiti wa mkutano. Yeye si mkutano wenyewe, lakini bila yeye kila mtu angesema wakati mmoja. Na jambo la muhimu ni kwamba mwenyekiti anaweza kubadilishwa bila kuvunja nyumba ya mkutano. Mashine ile ile, kwenye meza ile ile, inaweza kuwekewa programu endeshi nyingine.

Windows ni programu endeshi ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Ndiyo wengi wetu tuliyoikuta tulipoanza. Lakini si ya pekee. Nyingine inaitwa Linux, na hiyo ndiyo tunayoieleza leo.

NI NINI KILITOKEA TAREHE 14 OKTOBA 2025?

Windows 10 ilitoka Julai 2015. Tangu hapo Microsoft imekuwa ikituma masasisho, yaani marekebisho madogo madogo ya kuziba mianya ambayo wezi wa kompyuta wanaigundua. Tarehe 14 Oktoba 2025 kazi hiyo ilifika mwisho wake. Mashine yenye Windows 10 haikuzimika siku hiyo. Inawaka, inaandika, inachapisha. Lakini mwanya ukigunduliwa sasa, hakuna wa kuja kuuziba, isipokuwa kwa mpango wa muda ambao tutautaja.

Mtu atasema, "Sisi ni watu wa kijiji, ni nani atatuibia?" Tusidanganyane. Virusi vya kompyuta havichagui. Mei 2017 vilitoka virusi vilivyoitwa WannaCry. Vilifunga faili za watu katika nchi zaidi ya 150, vikidai malipo ndipo zifunguliwe. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Na marekebisho ya kuzuia virusi hivyo yalikuwa yametolewa miezi miwili kabla, Machi 2017. Walioumia wengi ni wale ambao mashine zao hazikusasishwa.

Kwa kikundi, kilicho hatarini si mashine. Ni ukweli wa nani ameweka kiasi gani na nani anadaiwa kiasi gani. Huo ukipotea, kikundi hakikai. Tena, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka kila anayetunza habari za watu azilinde. Nambari za vitambulisho na za simu za wanachama ni habari za watu.

KWA NINI TUSIENDE WINDOWS 11 TU?

Windows 11 ilitoka Oktoba 2021. Kwa mashine inayoikubali, kuhama kutoka Windows 10 ni bure. Shida ni kwamba inachagua mashine. Inataka memori ya GB 4 au zaidi, diski ya GB 64 au zaidi, kifaa cha usalama kinachoitwa TPM cha toleo la 2.0, na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo inaanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha nane, na hizo zilianza kutoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi tunazoziona vijijini, zilizokuja baada ya kutumika ofisini mjini, ni za kabla ya hapo. Si mbovu. Haziruhusiwi tu.

Basi kikundi chenye mashine ya namna hiyo kina njia nne:

1. Kununua mashine mpya. Ikiwa pesa zipo na kazi inataka, hakuna ubaya. Lakini msinunue kwa kuogopeshwa.

2. Kuongeza muda. Microsoft iliweka mpango wa masasisho ya usalama ya ziada kwa kompyuta za nyumbani zenye Windows 10, wa mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu aliingia kwa kuunganisha mashine na akaunti ya Microsoft, au kwa kulipa dola 30 mara moja. Ni kupumua kidogo, si dawa.

3. Kutumia Windows 10 bila intaneti kabisa. Hii inawezekana kwa mashine ya kuandika na kuchapisha tu. Lakini kumbukeni virusi vinasafiri pia kwa flashi, na flashi ndizo zinazotoka saiba kuja ofisini kwenu kila wiki.

4. Kuweka programu endeshi nyingine katika mashine ile ile.

Kikundi cha Ekerenyo kilichagua ya nne. Lakini hakikuichagua siku hiyo. Kilichukua miezi mitatu, na tutaeleza kwa nini hiyo miezi ilikuwa ya faida.

LINUX IMETOKA WAPI?

Mwaka 1991, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland, aitwaye Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha programu endeshi akiwa nyumbani. Badala ya kukificha akiuze, alikitoa watu wakione, wakitumie na wakirekebishe. Wakatokea wasaidizi mahali pengi duniani. Kazi yao iliunganishwa na ya watu wengine, hasa mradi uitwao GNU ulioanzishwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983.

Wazee wetu wa Gusii hawawezi kushangaa sana wakisikia hivyo. Wanajua egesangio: leo tunapalilia shamba lako, kesho langu, na hakuna anayempa mwenzake hati ya malipo. Linux imejengwa kwa njia inayofanana na hiyo, ingawa siku hizi hata makampuni makubwa yanawalipa watu wao washiriki. Leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa jirani. Kumnakilia jirani Windows bila leseni ni kosa. Kumnakilia jirani Linux ni halali, na walioitengeneza wanapenda ufanye hivyo.

Linux hutolewa kwa majina mengi, kama vile mahindi yanavyouzwa kwa majina ya mbegu tofauti. Moja ni Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni neno la lugha za kule, la ukoo mmoja na neno letu utu. Nyingine ni Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu na sura yake iko karibu na Windows ya zamani. Kwa mtu anayehama, hiyo ya pili ndiyo tuliyoona rahisi.

Na si ngeni vile mnavyofikiri. Simu za Android, ambazo wengi wenu mnazo mfukoni, zimejengwa juu ya kiini hicho hicho cha Linux. Hata kwa Kiswahili kazi ilishafanywa zamani: mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa programu ya ofisi ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice, na mradi wao uliitwa Kilinux.

KOSA LETU LA MWAKA 2020

Kabla ya kueleza hatua, tunataka kukiri jambo.

Windows 10 si ya kwanza kufika mwisho. Windows XP iliachwa Aprili 2014, na Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020. Mwaka huo wa 2020 kikundi kimoja tulichokuwa tukikitembelea kilituuliza la kufanya na Windows 7 yao. Tuliwaambia kwa kifupi, "Pelekeni kwa fundi aweke Windows 10." Hatukusema neno lingine.

Walipeleka. Fundi alifanya kazi aliyoombwa. Alifuta diski yote akaweka Windows mpya, ikapendeza sana. Mweka hazina alipoifungua hakukuta kitu. Hesabu za akiba na mikopo za miaka mitatu zilikuwa zimekwenda. Hapakuwa na nakala kwenye flashi. Na daftari? Daftari walikuwa wameliacha kuandika tangu kompyuta ilipokuja, kwa sababu sisi, katika semina, tulikuwa tumewaambia kompyuta ndiyo ya kisasa.

Kilichowasaidia ni vijitabu vidogo vya wanachama na ujumbe wa M-Pesa katika simu. Walikaa vikao vingi wakijenga hesabu upya. Wanachama wawili hawakukubali yaliyopatikana, wakatoka. Mmoja wao mpaka leo haamini ya kwamba pesa zake hazikuliwa na mweka hazina. Mama huyo mweka hazina hakuchukua hata shilingi moja. Alivumilia maneno ya sokoni kwa ajili ya sentensi moja ambayo sisi hatukuisema: "Kwanza nakilini faili zenu."

Kwa hivyo, mkisoma hatua zinazofuata mkaona tunarudia jambo la nakala, mjue sababu.

HATUA ZA KUHAMA

Hatua ya kwanza: Andikeni kazi zenu.
Chukueni karatasi. Andikeni kila kitu mnachofanya na hiyo kompyuta: barua, orodha, hesabu, kuchapisha, kusoma taarifa za M-Pesa, kutuma barua pepe, WhatsApp, kuingia eCitizen, kuingia iTax ya KRA. Mbele ya kila kazi andikeni programu mnayotumia. Mtagundua kazi nyingi zinafanyika ndani ya kivinjari cha intaneti, kama Firefox au Chrome. Hizo hazijali kama uko Windows au Linux. Zinazobaki ndizo za kuangalia kwa makini.

Hatua ya pili: Badilisheni programu za ofisi kwanza, mkiwa bado Windows.
Badala ya Word na Excel kuna LibreOffice, ambayo ni bure na inafanya kazi kwenye Windows na kwenye Linux. Iwekeni kwanza kwenye Windows yenu. Fungueni barua zenu za zamani na hesabu zenu. Tumieni hivyo mwezi mmoja au miwili. Mkono ukizoea hapo, siku ya kuhama mtakuta rafiki mnayemjua.

Njia hii si ya kwetu. Polisi wa vijijini wa Ufaransa, wanaoitwa Gendarmerie, walifanya hivyo. Mwaka 2005 walibadilisha programu za ofisi. Mwaka 2006 wakabadilisha kivinjari na barua pepe. Tangu 2008 ndipo wakaanza kubadilisha programu endeshi yenyewe. Kufikia mwaka 2014 walikuwa na mashine zaidi ya 60,000 zilizohama.

Hatua ya tatu: Pimeni mashine.
Kwenye Windows fungua "Settings", kisha "System", kisha "About". Hapo panaonyesha memori na kama mashine ni ya biti 64. Linux Mint inataka mashine ya biti 64, memori isiyopungua GB 2, lakini kwa raha ni GB 4, na nafasi ya diski isiyopungua GB 20. Mkiwa na memori kidogo, chukueni ile inayoitwa toleo la Xfce, ambayo ni nyepesi. Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024, imepangiwa masasisho mpaka mwaka 2029.

Hatua ya nne: Nakala tatu.
Hapa polepole. Nakilini faili zote kwenye flashi mbili tofauti. Flashi moja ikae kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina, si katika nyumba moja. Kisha ya tatu: chapisheni orodha ya akiba na mikopo yote kwenye karatasi, isomwe mkutanoni, na kila mwanachama akubali kiasi chake. Baadaye fungueni zile flashi kwenye kompyuta nyingine, hata ya saiba, mhakikishe faili zinafunguka kweli. Kwa sababu flashi ya saiba hurudi na virusi, nendeni na nakala moja tu, si zote mbili. Nakala ambayo haijafunguliwa ni kama mbegu ambayo haijajaribiwa kuota.

Msitafute tu kwenye folda ya nyaraka. Tazameni pia mezani pa kioo, folda ya vilivyopakuliwa, na picha.

Hatua ya tano: Tengenezeni flashi ya Linux.
Faili ya Linux Mint inapatikana kwenye tovuti yao wenyewe, linuxmint.com. Ina ukubwa wa karibu GB 3, kwa hivyo mtu mmoja akiipakua kwa bando peke yake ataumia. Changeni. Vikundi vitano vinaweza kupakua mara moja na kunakili, kwa maana tumesema ni halali. Mnahitaji flashi nyingine ya GB 8 isiyo na kitu cha maana ndani, kwa sababu itafutwa yote. Faili haiwekwi kwa kuinakili tu. Inaandikwa kwa programu maalum kama Rufus au balenaEtcher. Kijana yeyote wa saiba anayejua kazi yake anaweza kufanya hili kwa muda mfupi.

Hatua ya sita: Ionjeni kabla ya kuinunua.
Hili ndilo lilitufurahisha zaidi. Zimeni kompyuta, wekeni flashi, washeni huku mkibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa Dell na Lenovo mara nyingi ni F12, kwa HP ni Esc au F9. Linux itaamka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yenu. Itakuwa polepole kidogo, lakini mtaona kila kitu. Jaribuni intaneti. Jaribuni printa. Jaribuni sauti. Fungueni faili ya hesabu. Kama kuna kinachokataa, zimeni, toeni flashi, na Windows yenu iko pale pale.

Hatua ya saba: Kuiweka.
Mkiridhika, ndipo muiweke kwenye diski. Programu itawauliza kama mnataka kuiweka kando ya Windows au kufuta diski yote. Someni hapo mara mbili, kwa sauti. Kama diski ina nafasi, wekeni kando, ili kila mkiwasha mchague mnayotaka. Baada ya miezi sita mkiona hamjagusa Windows, mnaweza kuitoa. Na hiyo Windows ya kando msiipeleke intaneti.

Fanyeni kazi hii asubuhi. Nyote mnajua mvua na radi zetu za alasiri, na stima ikipotea katikati ya kazi mtaanza upya. Kama ni laptopu, ijae chaji na bado iwe kwenye waya.

Na fundi asiachiwe mashine peke yake. Katibu na mweka hazina wakae naye mpaka mwisho, waone kila anachobonyeza. Si kwa kumshuku. Ni kwa sababu yeye anajua kompyuta, lakini hajui hesabu zenu ziko wapi.

MAMBO YATAKAYOWASUMBUA

Hatutaki kuwauzia ng'ombe bila kuwaonyesha pembe. Haya ndiyo tuliyokutana nayo.

Printa. Za HP nyingi tulizojaribu zilikubali mara moja. Lakini ile ya kikundi cha Ekerenyo, ya kampuni nyingine, ilikataa. Walikaa wiki mbili wakipeleka barua saiba kuchapisha, na manung'uniko yakaanza. Mwishowe kijana mmoja alipata kiendeshi chake kwenye tovuti ya waliotengeneza printa. Kwa hiyo jaribuni printa katika hatua ya sita, sio baadaye.

Faili za Excel zenye makro. Hesabu za kawaida zinafunguka vizuri katika LibreOffice. Lakini faili zenye makro, kama zile fomu za kodi mnazojaza kisha mnapandisha iTax, zinaweza kukataa. Kikundi kinachojaza fomu hizo kijaribu mapema, au kipange kuzijazia saiba mara moja kwa mwaka.

Programu za Windows tu. Kama mnatumia programu ya hesabu iliyonunuliwa, ya kuwekwa kwenye Windows, huenda isifanye kazi Linux. Hapo msihame mpaka mjue.

Sura ya barua. Herufi za Word zinaweza kubadilika kidogo, mstari ukaruka ukurasa wa pili. Barua muhimu ikikamilika, ihifadhini kama PDF ndipo mtume. PDF haibadiliki njiani.

Fundi. Mafundi wengi wa masoko yetu wamezoea Windows. Kabla ya kuhama, ulizeni ni nani Keroka, Nyamira mjini au Kisii anayejua Linux. Mkikosa, vijana wenu waliosoma kompyuta chuoni wanaweza kusaidia. Wapeni kazi hiyo. Wengi wanakaa tu nyumbani wakiwa na ujuzi.

Neno la siri. Linux itawauliza neno la siri kila mnapoweka programu mpya. Wengine huona ni usumbufu. Ni kufuli. Neno hilo lijulikane na watu wawili wa kamati, liandikwe kwenye bahasha, lifungwe katika sanduku la kikundi.

Na msifikiri Linux haiibiwi. Virusi vyake ni vichache zaidi, lakini nayo inahitaji masasisho. Chagueni siku moja kwa mwezi, labda siku ya mkutano, mashine iunganishwe na simu kwa waya, isasishwe.

WATU NDIO WANAOHAMA, SI MASHINE

Kuna mji mmoja wa Ujerumani, Munich, ambao baraza lake liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux. Kazi ilichukua miaka kumi. Kufikia mwisho wa 2013 kompyuta karibu 15,000 zilikuwa zimehama. Lakini mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Wanaoeleza sababu hawakubaliani: wengine wanasema ni malalamiko ya wafanyakazi, wengine wanasema ni siasa za viongozi wapya. Sisi tunachukua fundisho dogo. Mashine inaweza kuhama kwa siku moja, lakini watu wakihamishwa bila kushirikishwa, hata baada ya miaka watarudi walikotoka.

Ndiyo sababu ile miezi mitatu ya Ekerenyo ilikuwa na faida. Mwezi wa kwanza walitumia LibreOffice. Wa pili walionja Linux kwenye flashi, na kila mwanachama wa kamati akakaa mbele ya kioo, hata mzee katibu aliyesema macho yake hayataki. Wa tatu wakapiga kura, wakahama. Mama mweka hazina alilalamika wiki nzima kwamba vitu vimehamishwa mahali pake, kama mtu aliyepangiwa jikoni na mkwe wake. Sasa hivi yeye ndiye anayewafundisha wengine. Pesa za mfuko wa mikopo hazikuguswa, zilikwenda zilikokusudiwa.

Jambo moja bado tunalisisitiza kuliko Linux au Windows. Kila siku ya mkutano, andikeni kwanza kwenye daftari kwa kalamu, wanachama wakiona. Kisha ndipo mwingize kwenye kompyuta. Kompyuta inarahisisha kujumlisha. Daftari ndilo shahidi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kama kompyuta yetu ingefutwa usiku wa leo, tungejuaje akiba ya kila mwanachama kesho?

2. Ni nani kati yetu anayejua kuitumia? Kama ni mmoja tu, tutafanya nini akihama au akiugua?

3. Ni kazi gani tunazofanya ambazo lazima ziwe za Windows? Je, ni nyingi kweli?

4. Ni vikundi gani jirani tunavyoweza kuchanga navyo bando na flashi?

5. Ni kijana gani wa kijiji chetu tunayeweza kumpa kazi hii, na tutamlipa vipi?

Mkishajadili, katibu aandike majibu kwenye kumbukumbu za mkutano, na mtupatie nakala tutakapowatembelea. Na mkipata njia ya printa ambayo sisi hatukuipata, tafadhali tuelezeni. Bado kuna vikundi vinavyosubiri.